Eila Hietala, Mpimaji wa Mishipa ya Ini

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Eila Marjatta Hietala alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Thunder Bay, mtoto wa pili wa mzee Toivo Salmela, mkata magogo, na mama Hilja, akasoma hapa hapa, akahitimu kazi ya ultrasaundi mwaka 1983, akaajiriwa hospitalini kwetu, na kwa miaka arobaini akachungulia maini ya mji mzima, yakiwemo ya baadhi yenu mliovaa suti nzuri leo.

Kanuni ya kazi ile ni moja, mpimaji hasemi alichokiona, msemaji ni daktari, na Eila aliishika hata kwa mumewe Reino, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 6 Juni 1987 wakajaliwa Timo na Kaisa, maana alimpima ini asubuhi, jioni akampikia supu ya samaki, na Reino akala siku mbili akimkodolea macho asiambulie kitu, mpaka daktari alipopiga simu kusema ni mzima.

Tarehe 17 Oktoba 2023, tumbo likiwa limejaa maji, alilala yeye kwenye kile kitanda cha kupimia, akapimwa na Colette Bouchard, mwanafunzi wake, ambaye aliitafuta mishipa mitatu inayotoa damu kwenye ini, akakuta damu imeganda na kuiziba, akasema taratibu kwamba daktari atampigia.

"Uso huo nimekufundisha mimi, mwanangu, usinivalie," Eila akamwambia. "Geuza kioo."

Colette akageuza kioo cha mashine, Eila akatazama, kisha akamwagiza apige picha moja zaidi ya mshipa wa kati, kwa kuwa daktari angeidai.

Tarehe 3 Novemba madaktari wa Toronto walipitia mshipa wa shingo wakamwekea mrija wa waya ndani ya ini, damu ipate njia, na njia hiyo ikampa miezi kumi na minne, akapanda viazi, akambeba mjukuu, hadi Januari mwaka huu ilipoziba, ikazibuliwa, ikaziba tena, na ini la kupandikizwa lisipatikane.

Alipotoka kupimwa tarehe 28 Januari hakungoja simu ya mtu, alimketisha Reino jikoni.

"Mzee, safari hii sikufichi," akasema. "Barafu ya ziwani itayeyuka mimi sipo."

Reino, aliyedai miaka thelathini na saba aambiwe yeye kwanza, akamsihi anyamaze.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2025, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, wenzake wa kazini, na wewe Colette, uliyekigeuza kile kioo.

Eila, umeshasema yote, sasa pumzika kwa amani.