Mwezi wa Kumi na Tatu

Benchi la nje ya duka la kinyozi lilikuwa limejaa. Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, alikunywa kahawa yake taratibu, akitabasamu peke yake. Binti yake, aliyekwenda kusoma ughaibuni akawa haonekani miaka nenda miaka rudi, alimtumia picha ya tiketi ya ndege, siku ya kutua: 05/06. Tarehe tano mwezi wa sita! Na mama asiambiwe, alisema, nataka kumshtukiza. Cheche akaufunga mdomo kwa kufuli, akahesabu amebakiza mwezi mzima.

Ndipo kinyozi, waliyemwita Profesa, akatoka na chupa mpya ya mafuta ya nywele.

— Jamani, someni hapa! Yametengenezwa mwaka jana, tarehe tano, mwezi wa kumi na tatu!

— Wa kumi na ngapi? — Shangazi, muuza kahawa, aliacha kumimina.

— Na tatu! Wenzetu wana mwezi wa ziada, wametuficha.

— Ndiyo maana wametuacha mbali kimaendeleo, — alisema Dobi, mfua nguo wa jirani. — Sisi tukilala Desemba, wao bado wako kazini.

— Na mishahara hiyo je? Wanalipwa mara kumi na tatu!

— Lo! Mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo methali inaingiaje hapo, Dobi?

— Inaingia tu.

— Mimi nasema ni kompyuta, — Profesa alishusha sauti. — Zinajitungia miezi zenyewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, nazo zimeshaota!

Shangazi akaichukua chupa, akaigeuzageuza.

— Acheni uwongo. Kumi na tatu ni siku. Hiyo tano ndiyo mwezi. Hawa wa ughaibuni wameanza na mwezi, siku ikafuata.

— Mtu mzima aanze na mwezi? Si sawa na kuvaa viatu kabla ya soksi?

Wote wakacheka, isipokuwa Cheche. Aliweka kikombe chini. Akatoa simu, akaifungua ile picha.

— Leo tarehe ngapi?

— Sita.

— Ya mwezi gani, Shangazi?

— Wa tano, baba. Una nini? Mbona umebadilika rangi?

— Mungu wangu! Mwanangu! Ni leo, si mwezi ujao!

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akawaeleza kwa maneno ya kukatikakatika, na kila mmoja akashika kichwa.

— Atakuwa ametua!

— Peke yake!

— Pikipiki! Iteni pikipiki!

Kabla hajavuka barabara, teksi ikasimama mbele yake. Akashuka mwanamke kijana, macho mekundu, anaburuta sanduku lililokatika gurudumu.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mama… marahaba.

— Nimekungoja uwanja wa ndege tangu alfajiri. Kila mzee aliyeingia nikadhani ni wewe. Mbona hukuja?

Cheche akamtazama Profesa. Profesa akaificha chupa nyuma ya mgongo. Dobi, mwenye methali kwa kila jambo, akalipokea sanduku tu. Basi Cheche akamvuta binti yake kifuani, juu ya ovaroli lenye masizi, akalia kwa sauti mpaka mkewe akatoka mbio nyumbani kwao, ng'ambo ya barabara, kuuliza nani amekufa.