Bi Hekaheka na Karakana Isiyokaa Tupu

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Mratibu wa Sanaa wa Halmashauri ya Jiji anastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili litasomwa na Meya kwenye cheti. Sisi wa Kitengo tunamwita Bi Hekaheka, naye huitika, mradi umwite huku unatembea, maana ukisimama utamkuta ameshafika ngazini.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi, karani wa vibali, ndiye niliyekaa naye meza kwa meza kwa muda mrefu kuliko wenzangu. Niliipokea kazi hii kwa mikono miwili nikidhani ni ya asubuhi moja. Nilijidanganya. Mstaafu wa kawaida, wiki zake za mwisho, hugawa vikombe vyake, hubandua kalenda ukutani na kusimulia habari za zamani. Huyu wetu bado anaanzisha mambo. Juzi kawaahidi wachongaji wapya pa kufanyia kazi, jana kagombana na Idara ya Maji kuhusu tangi analotaka lichorwe, na leo, nilipofika kwenye neno "hatimaye", kaninyang'anya kalamu asaini kibali. Msomaji akiona aya imekatika, ajue imekatwa na mwenyewe.

Wengi hawajui alikoanzia. Alianza Kitengo cha Kelele. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari la Jiji akizima spika za waliopiga muziki bila kibali, na alikuwa mkali kweli. Kuna mpiga gitaa mmoja, sasa ana wajukuu, ambaye hadi leo akimwona Bi Hekaheka anaukumbatia waya wa spika yake bila kujijua. Lakini katika kuwazimia watu muziki, aliwafahamu mmoja mmoja: nani anafanyia mazoezi uani karibu na choo cha wapangaji, nani jikoni kwa mama mkwe wake, nani kwenye jengo ambalo halijaezekwa. Akamwendea bosi wake, akamwambia kwamba hawa watu si wakorofi, ila hawana mahali. Bosi, kwa hasira au kwa busara, hatukuwahi kujua, akamhamishia Sanaa.

Sanaa wakati huo ilikuwa meza moja na kabati lisilofunga. Mchango wa Jiji kwa wasanii ulikuwa kuwaita mgeni akija, wacheze juani, wapewe soda, wasikilize hotuba, waende zao. Bi Hekaheka aliomba fungu la kuendeleza vikundi, akaambiwa asubiri mwaka ujao. Mwaka ujao ulipofika, akaambiwa asubiri mwaka ujao. Basi akaacha kuomba, akaanza kuingia kwenye idara za watu.

Idara ya Afya walikuwa wanataka mabango ya kuhimiza kunawa mikono. Akawapelekea wachoraji wa hapa hapa jijini, na ukuta wa soko ukapakwa rangi kutoka lango kuu hadi chooni. Mchoraji mmoja, kwa utundu wake, alimchora Mkuu wa Soko mwenyewe akiwa na mapovu hadi kwenye viwiko. Watu wakaanza kumsalimia Mkuu kwa kumuuliza kama ameshanawa. Alinuna mwezi mzima, kisha akaja na mke na watoto kupiga picha mbele ya ukuta.

Idara ya Mapato wao wana foleni, tena ndefu. Bi Hekaheka akawatundikia picha za kuchora ukuta mzima unaoambaa na foleni ile, kila picha na jina la mchoraji na namba yake ya simu. Picha zikanunuliwa, zikaletwa nyingine. Siku moja mzee mmoja alifika dirishani, akakataa kuhudumiwa, akarudi mwisho wa foleni kwa kuwa alikuwa hajamaliza kutazama. Mkuu wa Mapato alisema hajawahi kuona mtu akirudi nyuma kwa hiari yake katika ofisi ile. Ni kwa mwendo huo huo, wa idara moja baada ya nyingine, ndipo Jiji likazoea kuwaandikia wasanii mikataba kama linavyowaandikia mafundi bomba, na siku hizi hakuna kikundi kinachopanda jukwaa la Halmashauri kwa soda.

Yote hayo ni sifa njema, lakini kinachomnyima raha ni Karakana.

Karakana ni banda la zamani la kutengenezea magari ya taka, nyuma ya jengo letu. Magari yalipohamishiwa kwingine walibaki paka na harufu ya oili. Bi Hekaheka aliliomba liwe mahali pa mazoezi, bure, kwa msanii yeyote wa jiji hili. Idara ya Majengo wakakubali kwa sharti moja: mkaguzi wao atakuwa anapita bila taarifa. Akikuta banda halina watu saa za kazi, ni onyo. Akikuta hivyo mara ya pili, banda linarudi kwao. Onyo tulishalipata. Mkaguzi alipita siku tuliyokuwa tunamzika mpiga ngoma wetu mkongwe, na wasanii wote walikuwa makaburini. Bi Hekaheka alikwenda kujieleza, akajibiwa kwamba sharti halina kifungu cha misiba. Majengo wana mipango yao na lile banda. Wanataka kuweka viti vibovu.

Tangu siku ile hakupata kutulia, wala sisi hakutuacha tutulie. Asubuhi wachongaji, mchana kwaya, jioni wacheza ngoma, na katikati yeyote atakayeshikwa mkono barabarani akiwa amebeba chombo cha muziki. Kikundi kikichelewa, tunashuka sisi wa ofisini. Tena hatushuki kukaa tu, maana alisema watu waliokaa wanafanana na watu wanaosubiri dawa. Tunaigiza. Hivyo ndivyo karani wa vibali, mhasibu, dereva na tarishi tulivyogeuka kuwa kikundi cha maigizo bila kuombwa ridhaa.

Mchezo wetu ni wa harusi. Mhasibu ni bwana harusi. Tarishi wetu, mama wa makamo mwenye sauti inayofika barabarani, alisema atakuwa mama mkwe au hachezi kabisa, kwa hiyo bibi harusi ikabidi awe dereva, na masharubu yake. Mimi ni mjomba anayekataa posa. Kwa kuwa hatujui kikundi tunachokishikia nafasi kitafika saa ngapi, mchezo hauna mwisho, na kila tukishuka lazima mjomba awe na sababu mpya. Nimemkataa bwana harusi kwa ajili ya viatu vyake, kwa namna anavyopuliza chai, kwa sababu ukoo wao wanakohoa sana. Dereva kajifunza kulia machozi ya kweli, na mkewe alishawahi kuja ofisini kuuliza ni nini hasa tunachomfanyia mumewe.

Tunacheka sasa, lakini kuna waliolipia hekaheka hizi. Mumewe Bi Hekaheka ni fundi cherehani, mtu mpole, ambaye nusu ya mavazi ya vikundi vya jiji hili yamepita mikononi mwake. Jioni nyingi amekula na redio. Binti yao ni muuguzi katika mji wa mbali na ana mapacha. Alianza kumsihi mama yake aende akakae naye tangu watoto hawajaota meno; sasa meno ya utotoni yameanza kung'oka. Safari imepangwa na kuahirishwa hata basi lenyewe limechoka, na babu amekwenda peke yake. Jibu la bibi ni lile lile: nikiondoka, Karakana itakaa tupu siku moja tu, na hiyo moja inawatosha.

Mwanzoni mwa mwezi huu aliitisha kikao, akanunua na biskuti, akatuuliza ni nani atakayeibeba Karakana yeye akishaondoka. Tulitazama dari. Mhasibu aligundua kuwa feni ina kasoro. Nafasi yake haijatangazwa, kila mmoja wetu ana mafaili hadi kidevuni, na kusema kweli tuliogopa, kwa sababu tulikuwa tumeona ilivyomkamua yeye. Hakukasirika. Alitusogezea biskuti, akatoka.

Kuanzia hapo akawa hashikiki. Alianza kufika kabla ya mfagiaji. Alikuwa akipiga simu huku anakula, akishuka Karakana, akipanda, akishuka tena kuhakikisha kile alichokiona. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, kwamba ataomba ruhusa ya kuwa anakuja kila asubuhi hata akishastaafu, akae mle ndani na ufumaji wake. Iliniuma sana. Niliona hii si kustaafu, ni kubadilishiwa ofisi bila mshahara. Hata hivyo sikunyoosha mkono, wala mwenzangu yeyote.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, nikikuna kichwa nitaifungaje habari hii kwa furaha bila kusema uongo, ndipo ikaja Alhamisi.

Alhamisi Ofisi ya Mafao ilimwita kwa ajili ya alama za vidole, na kule simu huzimwa mlangoni. Siku hiyo hiyo Meya alikuwa anafungua wodi mpya ya kina mama upande wa pili wa jiji, akaagiza burudani ya kutosha. Bi Hekaheka aliwapakia wasanii kwenye mabasi yeye mwenyewe, akiamini wachongaji wamebaki Karakana. Wachongaji nao walikuwa wametangulia na pikapu, wamepeleka vinyago vya kupamba jukwaa, wakiamini kwaya ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo Jiji lenyewe ndilo lililolikomba banda lake. Muda wa chai tarishi alichungulia dirishani, akaliona gari la Majengo linaingia getini.

Hakuna aliyetutuma. Tarishi aliweka kikombe chini, akanipiga begani, akasema, "Mjomba, inuka, kuna harusi," akawa ameshaondoka. Dereva alimfuata. Mhasibu aliacha droo wazi, jambo ambalo hajalifanya tangu aajiriwe. Tulishuka mbio tukipiga vigelegele ili tuonekane tulianza zamani, na vigelegele vile vikawavuta watu wa foleni ya Mapato, wakaja nyuma yetu kuona kuna nini, na makarani wao wakiwafuata kuwarudisha. Mkaguzi alipofika mlangoni, ukumbi ulikuwa umejaa wageni waalikwa.

Nilikataa posa kwa sababu bwana harusi anaongea usingizini. Bibi harusi alilia hadi mama mmoja wa foleni akampa leso. Mama mkwe alinitukana, akahamia kwa baba yangu, akapanda hadi kwa babu. Mkaguzi hakuondoka. Alisogea, akaegemea nguzo, na nilipokataa mara ya nne akashindwa kuvumilia, akauliza kwa sauti, "Sasa wewe mjomba unataka nini hasa?" Ukumbi mzima ukamuunga mkono. Kwenye ripoti yake ameandika kwamba jengo linatumika, tena lina msongamano.

Tulidhani Bi Hekaheka hakuyaona hayo. Mlinzi wa geti ndiye aliyetuambia baadaye. Bi Hekaheka alipotoka Mafao na kuwasha simu alikuta ujumbe wa wachongaji wakiulizia kwaya, akaelewa mara moja, akapanda pikipiki. Alikuja anakimbia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alifika hadi mlangoni pa Karakana, akauona mgongo wa mkaguzi, na mbele yake akatuona sisi. Hakuingia. Alisimama hapo kidogo akisikiliza, akavaa kiatu chake, akamuaga mlinzi, akaondoka. Hakupanda ofisini kuuliza lolote.

Saa kumi simu ya mezani pake ililia, nikaipokea mimi. Alikuwa mumewe, roho juu. Alitaka aambiwe ukweli kama mkewe anaumwa au kafukuzwa kazi bado siku chache, maana amerudi nyumbani jua lingali linawaka, ameketi uani anakunywa chai taratibu, na amemwambia aende akakate tiketi mbili za basi.

"Hajafukuzwa, shemeji," nikamwambia. "Kamaliza kazi."

Bi Hekaheka, kwa niaba ya Kitengo, ya idara zote ulizozivamia na ya wasanii wa jiji hili, pokea shukrani zetu. Tutakukumbuka, na tutakununia kidogo kwa kutuacha. Tunakutakia afya njema, mwendo wa polepole na mapacha wasiokuacha ulale mchana. Jumatatu zamu ya Karakana ni yangu, Jumanne ni ya tarishi, na siku zilizobaki tumeshagawana. Usipige simu kuuliza.