Mama Dodoso na Watu Wake

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, kitinda mimba wa nyumba hii, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na wakubwa wamenionya nisipandishe sauti, lakini maisha ya dada huyu hayasomeki kwa kunong'ona, mtanivumilia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, na alipofika darasa la tano alizunguka madawati yote akimhoji kila mmoja kwa nini alimpigia kura kiranja aliyemchagua, mpaka kiranja mwenyewe akaenda kumshtaki kwa mwalimu mkuu. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akahitimu chuo kikuu mwaka 1980 katika sayansi ya siasa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa hapohapo chuoni kama mtafiti msaidizi.

Kazi iliyompa jina la Mama Dodoso, kwa ajili ya karatasi zake za maswali, aliianza mwaka 1988, wakati wakubwa zake wa kazi walipoandika kwamba watu wa mitaa yetu hawajali siasa, kwa kuwa wakiulizwa kama wanaifuatilia wengi hujibu hapana. Dada akalitupa swali hilo, akaanza kuuliza: mara ya mwisho jambo la mtaa lilipokukera, ulifanya nini? Jamani, watu walifunguka! Msusi mmoja, aliyekwisha kusema siasa haimhusu, alieleza jinsi yeye na wateja wake walivyokwenda ofisi ya maji, wengine nywele nusu zimesukwa, wakagoma kutoka hadi bomba likatengenezwa, na dada akaja nyumbani mbio, viatu mkononi, akipiga kelele tangu getini, "Wanashiriki! Wanashiriki kuliko sisi!" Akaamua kuwarudia watu haohao kila baada ya miaka mitano, aone fikra zao zinakwenda wapi, akawaahidi kwamba hakuna atakayejua wao ni akina nani.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1990, na shemeji ataniwia radhi, maana alikuwa mmoja wa waliohojiwa, tena alijibu hata ambayo hakuulizwa. Posa ilipokuja, dada alikataa katakata mpaka kwanza amwondoe kwenye utafiti, na shemeji hujigamba mpaka leo kwamba yeye alifukuzwa kwenye sayansi ndipo akapata mke. Walijaliwa binti mwaka 1992, ambaye ni daktari wa mifugo, na mwana mwaka 1995, ambaye ni mhasibu.

Januari 2023, akiwa amestaafu, aligundulika kuwa na saratani ya mifupa, na awamu ya nane ya utafiti wake ndiyo kwanza inaanza. Alituma wanafunzi wake wa chuoni kwa wale watu wake, wakajibiwa kwa adabu kila mlango, "Mwambieni Mama Dodoso aje mwenyewe," nao wakaeleza kwamba hawezi tena kuzunguka mitaani. Siku hiyo dada alilia, kwa kuwa kazi ya miaka thelathini na mitano ilikuwa inakatikia njiani. Wiki iliyofuata wageni wakaanza kuja, mmojammoja, kila mmoja akidai ni binamu, shemeji akichemsha chai hadi akachoka, nikamwuliza dada ukoo wetu umeongezeka lini, akanijibu, "We pokea wageni, acha udaku." Mlango wa chumba chake ulifungwa, na ndani tukasikia mabishano na vicheko. Tarehe 30 Novemba alitoka akijishikilia ukutani, akasema, "Imetimia!" na sote tukarukaruka pamoja na muuguzi aliyekuwa akimhudumia, chupa ya chai ikapinduka. Alifariki tarehe 11 Februari 2024, nyumbani, akiwa na miaka sitini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuazima viti, na wafanyakazi wenzake mlioahidi kuchapisha matokeo yake. Na ninyi mliojaa kule nyuma, msiojulikana na yeyote kati yetu, ahadi yake kwenu ni ahadi yetu, hatutawauliza ninyi ni nani, ila tunawaomba msogee mbele, mkae kwenye viti vya ndugu.

Pumzika kwa amani, dada, watu wako wamekuja wenyewe.