Siku Mzuka Wangu Alipochekwa Mikumi

Wazee wangu mliokaa mbele nawaamkia, na wanakikundi wenzangu wote nawasalimu. Mwenyekiti amenisimamisha niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Majina sitataja, maana wengine ni jirani zetu.

Mnanijua kama fundi cherehani. Ila ni mimi pia niliyetunga zile hadithi za kutisha mnazosoma kwenye simu, halafu mnashindwa kwenda chooni peke yenu. Sifa zikanilewesha. Nikafunga kibanda cha kushonea, nikatangaza kwamba sasa natengeneza filamu na mwongozaji ni mimi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kamera nilikuwa sijawahi kuishika.

Tukaenda kupiga picha kwenye mashamba ya miwa kule Ruhembe. Mzuka wangu alikuwa binti mmoja mrembo. Nikampaka unga wa sembe usoni na nyanya ya kopo mdomoni. Jua likawaka, jasho likamtoka, unga ukageuka uji. Mzee mwenye shamba akaibuka, akampa pole, akataka kumpakia kwenye baiskeli ampeleke zahanati. Tukamweleza kuwa ni maigizo. Akasema hata hivyo apimwe.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa Mikumi ulijaa. Mzuka alipotokea, watu wakacheka. Nikadhani watanyamaza. Wakacheka mpaka mwisho, na jamaa mmoja akaomba sehemu ya kunyongwa irudiwe, hakuiona vizuri kwa machozi.

Nikarudi nyumbani nikajifunika shuka. Sikushona, sikuandika, simu sikupokea. Nilijiona nimepoteza vyote viwili, sindano na kalamu. Mnacheka, lakini siku zile nilitamani kuhama wilaya.

Mume wangu alipochoka kunibembeleza, akamwita mama yake kutoka Kilosa. Sasa sikilizeni. Nimelala, nimeupa mlango mgongo, hata hatua sikuzisikia. Mara sauti nyuma yangu, taratibu kabisa:

"Marahaba."

Nilikuwa sijamwamkia, ndiyo ananikumbusha. Lakini ndugu zangu, damu iliniganda. Niliinuka nikamwamkia haraka haraka, kisha nikamwuliza, "Mama, unaweza kulisema tena vilevile?"

Hivyo ndivyo nilivyompata mzuka. Unga alikataa, nyanya alikataa. Alisema atavaa kitenge chake na ataingia kama anavyoingia siku zote. Tukapiga picha upya sebuleni kwetu: mwana na mkewe wanakunywa chai, mama wamemzika juzi, na mlangoni mtu anasema lile neno.

Tukaonyesha tena, ukumbi uleule. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nipate pa kukimbilia. Neno likatoka. Hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima, wazee kwa vijana, ukasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo."

Nililia palepale.

Nawashukuru ninyi mlioniazima viti na turubai mara zote mbili, hata baada ya kucheka, maana mlicheka, niliwaona. Namshukuru mume wangu kwa subira. Namshukuru mama mkwe, ambaye siku hizi akipita sokoni watu wanamwamkia tangu akiwa mbali. Ninachowaachia ni hiki: ukianguka, usijifungie mbali na watu wako. Mimi nilihangaika kutafuta kitisho kwenye miwa, kumbe tunakula nacho ugali nyumbani.

Mama, naona unavyonitazama. Nimemaliza, nakaa.