Paja Lililolala

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Mzee wa kanisa amenipa dakika tano, na ninyi mnanijua, dakika tano kwangu ni salamu tu. Wale mnaocheka tayari, ngojeni kwanza.

Mnajua kwetu kijana anapimwa kwa kuruka. Siku ile kulikuwa na arusi hapa Juru, wasichana wamejaa, na mimi nikaona lango la zizi, miiba mpaka kifuani. Nikaruka vizuri kabisa! Kutua ndiko sikujua. Mfupa ukavunjika chini ya goti.

Hospitali ya Mbarara wakanifunga plasta mpaka juu ya paja. Ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mkia wa ng'ombe. Daktari akasema, "Mfupa umeshika. Anza kutembea." Nikasema, ndiyo sebo, ndiyo bwana. Halafu nikarudi nyumbani kwa nyanya.

Nyanya yangu ni mfugaji wa kweli. Akasema, "Ndama akivunjika mguu tunamfunga asisimame. Wewe umemzidi ndama nini?" Basi nikalala. Maziwa kitandani, samli mguuni, asubuhi na jioni, miezi mingi. Tumbo likanenepa, paja likakauka. Na nawaambia ukweli, nilipenda! Nani anakataa kuletewa maziwa?

Mpaka kiangazi. Majani yakaisha, kaka yangu akawapeleka ng'ombe wetu upande wa Ngarama, karibu na mpaka wa Tanzania. Walipita mlangoni mmoja mmoja. Yuko mmoja mwekundu, nilimlea kwa mikono yangu tangu mama yake alipokufa. Nikampigia mluzi. Akageuza shingo, akaenda. Nikasimama nimfuate hata hatua tano tu. Goti likakunjika, nikaanguka kwenye vumbi lao.

Mnajua zizi likinyamaza linavyokuwa? Alfajiri natega sikio, hakuna hata mmoja anayekohoa. Nilitamani hata harufu ya mavi yao. Usicheke, nyabo, wewe mama hujawahi kupenda.

Nikaomba kupakiwa baiskeli mpaka barabarani, nikarudi Mbarara. Pale hospitali kuna mama mmoja anafundisha watu kutembea. Ameolewa na askari, na Kiswahili chake ni cha kambini kabisa.

"Wewe! Nani alikuambia ulale?"

"Nyanya."

"Nyanya amesomea mifupa?"

"Amesomea ndama."

Hakucheka. "Umeshachinja ng'ombe?"

"Mara nyingi."

"Nyama ya paja ukiichana, ikoje?"

"Nyuzi, nyuzi."

"Basi na wewe uko hivyo. Nyuzi zimefungwa mafungu, kila fungu limevikwa kingozi chembamba, na mwisho kuna kano imeshika mfupa. Mfupa ni mti tu, haujiinui. Msuli ndio kamba. Na msuli unajua kazi moja, kuvuta. Kusukuma haujui. Ndiyo maana misuli iko mbele na nyuma. Wa mbele ya paja ukivuta, goti linanyooka. Wa nyuma ukivuta, linakunjika. Huu ukivuta, ule unalegea. Usipoipa kazi, nyuzi zinakonda. Ukiipa, zinanenepa."

"Na moyo?"

"Moyo pia ni msuli. Lakini huo haungoji amri yako."

Hilo nililijua, ndugu zangu. Maana nilikuwa nimeuamuru mara ngapi umsahau yule mwekundu!

Akanipa kazi: kaa kwenye benchi, nyoosha goti, shikilia, shusha. Siku ya kwanza kisigino hakikuinuka hata kidogo. Nililia, mwanaume mzima.

Nyumbani nilifanya kwa kujificha, kifuko cha maharage kimefungwa kwenye kifundo cha mguu. Nyanya akanikuta. "Unaua mguu!"

"Nyanya, weka mkono hapa pajani."

Akaweka. Nikanyoosha. Nyama ikakaza chini ya vidole vyake. Halafu akaenda ndani, akarudi na maharage mengine, akaongeza kwenye kifuko.

Mvua za kwanza zikanikuta njiani kwenda Ngarama, fimbo mkononi, siku mbili. Nikampata. Alikuwa amezaa. Nikapiga mluzi. Akanitazama, akaendelea kula! Nikakaa chini, machozi yakanitoka.

Kaka akasema, "Umetembea siku mbili kuja kulilia ng'ombe?"

"Nimekuja kuchunga."

"Basi inuka. Wanaenda majini."

Nikainuka. Hakuna aliyenishika mkono.

Namshukuru yule mama wa Mbarara. Namshukuru kaka, ambaye hakunihurumia. Namshukuru nyanya, aliyekosea kwa upendo halafu akakubali kujifunza na mvi zake. Ndugu zangu, mgonjwa wenu mpeni maziwa, lakini mpeni na kazi kidogo kidogo, maana mwili unatunza kile kinachotumiwa.

Chai ya baada ya ibada mninywee. Ng'ombe wako Ngarama, na mimi nimeshaanza kuwakumbuka.