Kofi Alilopigwa Mtani

Kulwa, zima hiyo simu. Zima kabisa, usiigeuze kifudifudi ukadhani mama yako mtoto. Nimechoka kusikia leo nani kaingia nchi ya nani na kesho nani ataingia kwa nani. Nawe Doto, acha kuninunia, njoo. Kaeni wote wawili kwenye mkeka mmoja, ndiyo, mmoja, mbanane kama mlivyobanana tumboni mwangu, kwa sababu pumzi iliyobaki haitoshi kusema neno kwa huyu kisha nikalirudia kwa yule.

Mali tuimalize upesi. Shamba la Usoke na mabani ya kukaushia tumbaku ni ya Kulwa, aliyeyatolea jasho. Nyumba hii ya Ipuli ni ya Doto, na akitokea mjomba wa kusema mwanamke harithi nyumba, nitamjia ndotoni, tena bila nguo. Mizinga ya Sikonge msiigawane, gawaneni asali. Kanga zangu apewe Zamda, jirani aliyenigeuza kitandani miezi yote hii. Levina wa kwaya asipewe hata leso, wala asiongoze wimbo mazishini, nataka kulala kwa amani. Na mumewe asisimulie tena alivyoingia Kampala na bunduki, maana mwaka wa vita alikuwa Nzega anachunga ng'ombe, na marehemu dada yangu Imakulata alilijua hilo kwa sababu nisizoweza kuwaambia.

Sasa hiyo vita yenyewe ya Kagera. Mlizaliwa baba yenu Leodgar akiwa huko ng'ambo ya mpaka, lakini mnavyobishana utadhani mlibeba mabomu. Kila Krismasi wali ulikuwa ukipoa. Kulwa unasema nduli ndiye aliyeanza, alivunja daraja la Kagera, akachinja watu na kuchukua wanawake, na mtu wa namna hiyo humfukuzi hadi mtoni ukamwacha apumzike, unamfuata kwake umalize. Doto, mwalimu wangu wa historia, unasema hadi mtoni tulikuwa tunajitetea, kuvuka mto ni jambo jingine, nani alituita, na hao tuliowaweka baada yake walikuwa malaika? Kulwa anauliza, kwa hiyo waendelee kuchinjwa? Doto anajibu, kila mvamizi husema amekuja kuokoa watu. Nami nakaa pale na kijiko changu. Darasa langu ni la nne tu, lakini nawaambia wote mnasema kweli, na ndiyo maana hamtamaliza.

Baba yenu aliyekwenda alikuwa akisema kwamba asubuhi waliyoingia Masaka watu walitoka na ndizi na vigelegele, wakamkumbatia hadi kofia ikaanguka, na jioni watu walewale wakaficha kuku wao. Angeitwa tena angekwenda, hilo alilisema hadi mwisho. Lakini mji ule ulikuwa umesagwa na mizinga yetu, na katika baraza ya fundi mmoja ambaye hakuwepo, au hakuwa hai, alikuta cherehani, akakibeba. Hicho mnachokiona kwenye kona. Nyumbani sabuni hakuna, sukari hakuna, watoto wawili wanalia, nilikishangilia. Kimewasomesha hicho, kimeshona sare za nusu ya watoto wa Ipuli. Je, mmewahi kumwona baba yenu kavaa shati nililoshona mimi? Fikirini. Alivaa mitumba hadi tukamzika nayo. Nilimshonea suruali ya harusi ya Kulwa, akasema inambana, nikaipanua, akasema inampwaya.

Sasa Kulwa, nitazame. Siku ya mazishi yake, mtani wetu Elieza alifanya kazi yake. Mgogo ni mtani wa Mnyamwezi tangu babu zake walipowatoza babu zetu wapagazi hongo ya maji pale Ugogo, na mtani akija msibani anamwigiza marehemu, watu wacheke, kifo kipungue uzito. Elieza akavaa koti la jeshi la baba yenu, akajitwika cherehani, akatembea kijeshi kuzunguka jeneza akipiga kelele, "Nimekwenda kuwakomboa! Nimekomboa cherehani!" Hata padri alificha mdomo. Nawe ukampiga kofi. Kofi, mbele ya kaburi, mtani! Doto akakuambia umefanya ushenzi, ukapanda baiskeli ukaenda Usoke bila kuonja hata uji wa matanga, na miaka sita hujakanyaga hapa mpaka uliposikia nakufa.

Ungengoja ningekuambia. Wiki ya mwisho ya baba yenu, Elieza alikuja kumtazama, nami nikawa nje chini ya dirisha nachambua mchicha. Ule mchicha niliuchambua hadi ukaisha, nikaanza majani ya maboga. Baba yenu alisema, "Elieza, mke wangu nikimwambia ataacha kushona, watoto nikiwaambia watagombana. Wewe mtani, siku ya kuzikwa kwangu kiseme hicho cherehani, kisemwe mbele za watu, mimi sina ujasiri." Elieza akamjibu, "Nitakibeba kichwani, punda wa Waarabu wewe." Wakacheka, halafu wakalia, wanaume wazima.

Kwa hiyo ulimpiga baba yako mdomoni, Kulwa. Usilie. Ukilia sitamaliza.

Mnajua Elieza amenifanya nini tangu siku ile? Ananiamkia. Mtu aliyekuwa akipita hapo uani ananiita kizee cha mizigo, anafunua sufuria yangu na kusema naroga, sasa anasimama barabarani, anavua kofia, "Shikamoo, mama." Hamjui heshima ile inavyouma. Hakudai faini, hakudai kuku, hakudai chochote. Amenifanya mtu baki.

Cherehani hakirithiwi na yeyote kati yenu. Mpelekeeni Elieza kiwe faini ya kofi. Doto, najua utasema si chake pia, na kweli si chake. Mwambieni yeye aliyekabidhiwa neno, kama ataona kipelekwe Masaka kikatafutiwe mwenyewe, pandeni basi nacho wote watatu. Mimi nimechoka.

Zamda, maji. Kidogo... basi.

Mbarikiwe, Kulwa, Doto... mazao yenu, watoto wenu, na hata ubishi wenu, Mungu aubariki, ila mbishane mkila. Mkono wangu hauinuki, uchukueni mwekeane wenyewe kichwani... hivyo. Wote wawili.

Kulwa, inuka. Usingoje kesho. Elieza anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Usitume mtu, nenda kwa miguu yako, piga magoti, mwambie... usijieleze sana. Mwambie bibi hapa ana pumzi chache. Aje anitukane ningali nasikia.

Nenda, mwanangu. Mlango uacheni wazi.