Siku Niliyolala Chini Nikapimwa

Bwana asifiwe, watu wa Ujiji! Mbona mnaitikia kama watu ambao hawajala? Bwana asifiwe sana! Haya, hapo sasa nimewasikia.

Ndugu zangu, mimi ni Yohana, fundi seremala. Wazee wa hapa mnamkumbuka marehemu baba yangu, yule fundi aliyevuka ziwa kutoka Kongo akafungua karakana yake hapa mtaa wa Kasingirima. Mimi nimekulia kwenye vumbi la mbao. Watu walipoanza kuhamia vijiji vya ujamaa, kijiji cha Kidahwe kikaomba fundi, na mimi nikafunga zana zangu, nikamchukua mke wangu na mtoto wetu Neema, tukaenda kuishi huko. Leo nimeomba nafasi kwenye lori la kijiji kwa jambo moja tu, niwaambie Mungu alivyonitoa. Nikipiga kelele mnisamehe. Hili siwezi kulisema polepole!

Kidahwe ilikuwa mpya kabisa. Nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, watu wametoka huku na huku milimani, hata majina ya majirani hatujashika. Wao Waha, mimi mtu wa ziwani, Kiha changu kinawachekesha mpaka leo. Lakini walinipokea vizuri. Wakanijengea banda la nyasi, ndiyo karakana ya kijiji. Nikatengeneza madawati ya shule, milango, viti. Nikatengeneza na majeneza, maana fundi mwingine hakuwepo. Na jioni, kazi ya kijiji ikiisha, niliruhusiwa kutengeneza vitanda vya watu. Hapo ndipo moyo wangu ulipo! Mtu amelala maisha yake yote juu ya mkeka au juu ya miti na kamba, unampa kitanda cha mninga chenye chaga zilizonyooka, anakushukuru kama umemtoa gerezani.

Basi kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Bukuru, mkulima wa maharage. Bukuru ni mrefu, jamani! Akitaka kuingia ndani anainama kama anaingia kwenye banda la kuku. Akanijia anacheka, akasema, "Fundi, tangu nimekua mtu mzima sijawahi kulala nimenyoosha miguu. Nitengenezee kitanda cha mwili wangu."

Nikafurahi! Hiyo ndiyo kazi aliyonifundisha baba. Baba alikuwa anasema mtu wa kitanda hapimwi amesimama. Mtu akilala, nyayo zinaanguka mbele, mwili unajiachia, anakuwa mrefu kuliko alivyokuwa amesimama. Kule Kasingirima mteja alivua viatu, akalala kwenye mkeka mbele ya karakana, baba akavuta kamba ya katani kutoka utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, akafunga fundo. Imekwisha. Watoto wa mtaani tulikuwa tunagombania kulala pale ili tupimwe kwa mchezo.

Nami nikamlaza Bukuru chini, mbele ya karakana, mchana kweupe. Wanawake wanatoka kisimani na ndoo vichwani. Nikavuta kamba, nikafunga fundo, nikaitundika kwenye msumari nguzoni. Niliwaona wale wanawake wamesimama wananitazama. Nikadhani wanashangaa urefu wa Bukuru, nikawapungia mkono!

Hakuna aliyeniambia, ndugu zangu. Kwao kule, anayepimwa amelala ni maiti peke yake. Na kamba iliyompima haibaki duniani, inashuka naye kaburini. Mtaniuliza, wewe mtengeneza majeneza ulikosaje kujua? Nilikosa kwa sababu walikuwa wananiletea kamba imeshapimwa nyumbani kwa msiba, na jeneza likiisha wanaichukua. Sikuwahi kuuliza inakwenda wapi. Mimi nilijua nimempima mtu kitanda. Kijiji kizima kilijua nimempima Bukuru jeneza, na kamba yake nimeitundika!

Haikupita muda Bukuru akashikwa na homa. Homa hizi zetu tunazozijua wote. Lakini mama yake, bibi mmoja mkali sana, alishapata habari ya kamba. Na Bukuru naye akaambiwa. Yule kijana aliyekuwa anacheka akageukia ukutani, akakataa uji, akakataa na vidonge vya zahanati. Akiulizwa anajibu, "Vidonge vya nini? Mimi nimeshapimwa." Hiyo tu. Mwili ukaanza kwisha, macho yakaingia ndani. Homa ilikuwa ndogo, lakini hofu ilikuwa inamla yeye na chakula chake!

Na mimi je? Karakana ikawa kimya. Mke wangu akifika kisimani, wenzake wanasogeza ndoo zao pembeni. Watoto wakiniona wanakimbia. Huyu mtu wa Kongo, walisema, amekuja na mambo ya huko kwao. Siku moja mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe. Mtu mwema yule, aibu ilikuwa imemjaa usoni. Akaniambia, "Fundi, mimi sisemi wewe ni mchawi. Lakini Bukuru akifa, watu hawa sitaweza kuwazuia. Anza kufungasha."

Ndugu zangu, nimebatizwa tangu mtoto. Nimeimba kwaya. Lakini nawaambia ukweli mbele za Mungu, na mimi nilianza kuiogopa ile kamba! Kamba ya katani niliyoikata kwa mkono wangu! Nilitaka kuichoma, nikajiuliza, je, nikiichoma na Bukuru akakata roho saa hiyo hiyo? Nilitaka kuitupa, mkono ukagoma. Upepo ukiitikisa, mimi moyo paa! Nilikuwa naranda mbao nimeipa mgongo. Kichwani mwangu nikaanza kusema, huenda kweli nimemuua. Hofu ni kitu kibaya, jamani. Inaingia kwa jirani, unaiona, unamhurumia, kumbe imeshahamia na kwako.

Mke wangu akasema, "Baba Neema, turudi Ujiji kwa kaka yangu kabla hawajatuchomea nyumba." Nikakubali. Nikakusanya randa, patasi, misumeno, nikavifunga kwenye gunia. Asubuhi tukapiga magoti tuombe safari. Nikaanza: Bwana, nitoe kijiji hiki salama, mimi na mke wangu na mtoto wangu. Nikakwama hapo hapo! Neno la pili halikutoka. Ndani yangu nikaulizwa, na Bukuru je? Mimi naomba kutolewa, na nyumba ya tano kutoka kwangu kuna mtu anakufa kwa kitu ambacho mimi najua si kweli, na sijaenda hata kumjulia hali! Nililia pale chini. Nikainuka bila kusema amina, nikaenda karakana, nikaishika ile kamba, nikaitoa kwenye msumari. Nikaenda nayo kwa Bukuru.

Nyumbani kwake watu walikuwa wamejaa uani kama matanga yameshaanza. Waliponiona na kamba mkononi, yowe likapigwa. Mama yake akaja mpaka puani kwangu. "Umekuja kuchukua maiti yako?" Nikasema, "Mama shikamoo, nimekuja kumwona ndugu yangu. Hii kamba ni ya kitanda. Kwetu wote tunapimwa hivi." Akasema, "Ni ya kitanda? Basi lala wewe! Lala hapo chini, mwanangu akupime kwa kamba hiyo hiyo, tuione hiyo desturi yenu!"

Kila mtu ananitazama mimi. Mzee wetu wa kanisa alikuwepo, akanivuta shati, akanong'ona, "Yohana, usilale. Ukilala umeingia kwenye mambo ya giza." Na mimi, wapendwa, nilitaka sana kumtii! Lakini nikamjibu, "Mzee wangu, kama mimi mwenye Yesu naogopa kulala hapa, nani atamwambia Bukuru asiogope?"

Nikavua viatu. Nikalala chini, mgongo kwenye vumbi, jua machoni. Wakamtoa Bukuru ndani wamemshika makwapani, mrefu vile, amebaki mifupa. Wakampa kamba. Nikasikia vidole vyake vya moto utosini kwangu. Hapo ndugu zangu, niliona kifo! Nilimwona mke wangu mjane. Sikuwa na maombi mazuri, sikukumbuka mstari wowote, nilisema tu, Yesu, Yesu, Yesu, nishike! Na nawaambia, alinishika! Ile hofu ikanitoka, nikaisikia inatoka, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mwili ukawa mwepesi. Haleluya! Ningeweza kulala usingizi pale pale!

Na Bukuru anavuta kamba. Ikapita kifua, ikapita magoti. Ikafika miguuni, na bado ipo! Akaivuta mpaka kwenye fundo lake, na fundo liko mbali kabisa na nyayo zangu. Maana mimi mnaniona, mimi ni mtu wa saizi hii! Bukuru akasimama, akaitazama kamba, akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Fundi, kumbe wewe ni mfupi hivi?" Mtu mmoja nyuma akaguna. Bukuru akaongeza, "Kamba imekupita, imefika kwa kuku!" Akacheka! Bukuru alicheka, akakohoa, akacheka tena mpaka akakaa chini kando yangu. Uani watu wakaangua kicheko, mwenyekiti anafuta machozi, mzee wa kanisa ameshika tumbo. Mimi bado nimelala, nacheka na vumbi mdomoni. Na katikati ya kelele ile nikamsikia Bukuru anasema, "Mama, mbona hamniletei uji?"

"Yoo!" Yule mama alikimbia jikoni, bibi mzima, kanga ikamwanguka njiani asiiokote. Bukuru akanywa uji. Akameza vidonge. Kesho yake akanywa tena. Alipona, ndugu zangu! Wiki ile ile alikuwa anatembea uani, na ile kamba akaichukua akafungia mbuzi wake.

Mimi nikarudi nikafungua gunia la zana. Kile kitanda nilikitengeneza nikiimba! Mninga mtupu, kila ubavu umeingia kwenye mguu wake, hakuna msumari hata mmoja. Kilikuwa kirefu mpaka tukalazimika kukifungua nje na kukiunga tena chumbani. Bukuru akalala, akanyoosha miguu yote, akaniambia, "Fundi, toka nje, mimi nalala." Nikatoka.

Lakini lililonileta hapa mbele yenu ni hili. Siku moja niko karakana napiga randa, nikaona mtu amesimama mlangoni. Mama yake Bukuru. Sikujua amekuja kwa shari au kwa heri. Hakunisalimia. Akafungua kanga yake, akaitandika chini mbele ya karakana, mahali pale pale, na wanawake wa kisimani wanapita. Akalala chali, akafumba macho. Akasema, "Nipime, mwanangu. Na mimi nataka kitanda."

Mwanangu! Yule aliyeniuliza kama nimekuja kuchukua maiti yangu! Nilipiga magoti na kamba yangu, nikashindwa kuvuta kwa machozi, na yeye amelala anangoja, hana haraka wala hofu.

Ndugu yangu uliyekaa hapo nyuma, huenda na wewe umeshapimwa. Mtu amekuambia mwaka huu humalizi, tumbo lako limefungwa, nyumba yako ina mkosi, na wewe umegeukia ukutani. Nakuomba kwa jina la Yesu, geuka. Mwite hata kama huna maneno, mimi sikuwa nayo. Alinishika nikiwa mavumbini, mtu mzima nimejaa hofu, na wewe atakushika. Usiogope macho ya watu. Njoo hapa mbele, nipe mkono wako, tumwite pamoja!